Mafunzo Rejea ya Usalama: Kwa Nini Waliokwisha Kufundishwa Wafundishwe Tena

Toleo hili linawafikia wakati kamati nyingi za parokia zinaandaa makisio ya mapato na matumizi ya mwaka ujao. Katika makisio ya zahanati na vituo vya afya vya kanisa upo mstari mmoja ambao hukatwa mapema kila fedha zinapopungua, nao ni ule wa mafunzo rejea ya usalama kwa watu wanaoshika taka hatarishi na wale wanaotangulia kufika penye ajali. Hoja inayotolewa huwa fupi: hawa walishafundishwa. Tunaomba nafasi ya kueleza kwa nini hoja hiyo haitoshi, na ni maswali gani kamati au mfadhili angeuliza kabla ya kuufuta mstari huo.

Watu tunaowazungumzia ni mhudumu wa usafi anayetoa ndoo za taka wodini, kijana anayewasha kichomea taka nyuma ya zahanati, dereva wa gari la wagonjwa, mtunza ghala wa pembejeo, na mlinzi wa usiku, ambaye mara nyingi ndiye pekee aliyepo moto unapoanza. Ukitazama orodha za waliohudhuria semina, majina yao ni nadra kuyakuta. Wengi wao ni vibarua, na semina kwa desturi yetu huishia kwa waganga na wauguzi.

TAKA HATARISHI ZIKO KARIBU KULIKO TUNAVYODHANI

Neno taka hatarishi huwafanya watu wafikirie viwanda vikubwa vya ng'ambo. Kumbe kituo chochote kinachotoa chanjo kinazalisha taka hizo kila siku ya kliniki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka za hospitali, kama kilo 85 ni taka za kawaida zisizo tofauti na za nyumbani: karatasi, maboksi, maganda ya ndizi. Kilo 15 zilizobaki ndizo zenye hatari ya maambukizi, sumu au mionzi. Lakini zikichanganywa kwenye ndoo moja, kilo zote 100 hugeuka kuwa hatarishi, na gharama ya kuziteketeza huongezeka kwa kiasi hicho hicho.

Ndiyo maana vituo vyetu hutenganisha taka kwa rangi. Ndoo nyeusi au ya bluu ni ya taka za kawaida. Ya njano ni ya taka zenye maambukizi, kama bandeji na pamba zilizotumika. Nyekundu ni ya zile zenye maambukizi makali zaidi, mfano sampuli za maabara. Sindano na vyembe huenda kwenye sefti boksi, ambalo halijazwi kupita robo tatu. Hayo yote mhudumu anaweza kuyakariri kwa nusu saa. Ugumu uko katika kuyafuata saa tisa usiku, mjamzito akiwa mezani na umeme umekatika.

Chukua mfano wa sindano. WHO inaeleza kwamba mtu akichomwa mara moja na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye maambukizi, uwezekano wa kupata homa ya ini aina ya B ni hadi asilimia 30 kama hajachanjwa. Homa ya ini aina ya C ni asilimia 1.8, virusi vya UKIMWI ni asilimia 0.3. Watu wengi huogopa UKIMWI peke yake, na ndiyo sababu akishapimwa na kuambiwa yuko salama, mhudumu hurudi kazini bila kuuliza habari ya homa ya ini. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa muda wa siku saba au zaidi.

Sasa, nani huchomwa? Mara nyingi ni mhudumu aliyeinua mfuko mweusi akiamini una karatasi, kumbe ndani mna sindano iliyotupwa na mtu mwenye haraka wa zamu iliyopita. Aliyekosea na aliyeumia ni watu wawili. Kwa hiyo mafunzo yanayowaita wahudumu wa usafi peke yao ni nusu ya mafunzo. Mganga na muuguzi wakae benchi moja nao, wasikie mfuko unavyobebwa baada ya kutoka mikononi mwao.

Mtu aliyechomwa anatakiwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue wala kulinyonya, kisha atoe taarifa mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya ajali huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kwa siku 28. Mhudumu asiyekumbuka habari ya saa 72, au anayeogopa kugombezwa, hunyamaza hadi Jumatatu. Kama alichomwa Ijumaa asubuhi, muda umekwisha. Huu ndio mfano tunaopenda kuwapa wafadhili wanaouliza mafunzo rejea yanaokoa nini.

KICHOMEA TAKA NA CHUMBA CHA USAFI

Kichomea taka kizuri kina vyumba viwili. Cha kwanza huunguza taka, cha pili huunguza moshi, na joto linatakiwa lifike nyuzi 850 za Selsiasi au zaidi. Kijana asiyekumbushwa huanza kupakia taka tanuri likiwa bado baridi, ili amalize upesi. Matokeo yake ni moshi mweusi unaoshuka kwenye nyumba za majirani, na sindano zinazobaki nzima ndani ya majivu. Yako mambo ambayo hayaingii motoni kabisa. Makopo yenye gesi hulipuka. Kipimajoto chenye zebaki hutoa mvuke wa sumu. Plastiki za aina ya PVC zikiungua kwa joto dogo hutoa dioksini, sumu ambazo nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zimeahidi kuzipunguza. Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Majivu nayo hufukiwa kwenye shimo lililojengewa, hayatupwi bustanini.

Hatari nyingine haina hata harufu ya hospitali. Mtu wa usafi anayechanganya JIK na dawa ya choo yenye asidi, akidhani mbili zitang'arisha kuliko moja, hutengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha. Gesi hiyo hiyo ilitumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Hili hutokea majumbani pia, kwa hiyo akina mama wa WAWATA wanaosafisha kanisa Jumamosi nao wangefaidika kuwepo siku ya mafunzo.

KWA NINI KILA MWAKA

Nchini Marekani sheria iko wazi. Kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1990 inamtaka mfanyakazi wa kawaida wa eneo lenye taka hatarishi apate saa 40 za mafunzo na siku tatu za kazi chini ya msimamizi kabla ya kuachwa afanye mwenyewe. Baada ya hapo, kila mwaka hupata saa 8 za kukumbushwa. Waokoaji wa dharura nao hurudia kila mwaka, au huonyesha kwa vitendo kwamba uwezo wao haujapungua. Kanuni hiyo husimamiwa na chombo kiitwacho OSHA, ambacho hakina uhusiano na OSHA yetu, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali Pa Kazi ulioanzishwa mwaka 2001. Vifupisho tu ndivyo vimefanana.

Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali Pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, pamoja na kuwapa maelekezo na mafunzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahusu taka hatarishi zenyewe, kuanzia zinapozalishwa hadi zinapoteketezwa. Baadhi ya kamati husahau kwamba parokia yenye zahanati ni mwajiri. Haisamehewi kwa sababu ni ya kanisa.

Lakini tuache sheria pembeni. Sababu kubwa ni jinsi binadamu alivyo. Tafiti za watu waliofundishwa kufufua mgonjwa ambaye moyo umesimama zimeonyesha mara nyingi kwamba ustadi huanza kupungua ndani ya miezi mitatu hadi sita. Jambo usilolifanya kila siku husahaulika, na dharura kwa bahati njema hazitokei kila siku. Kwa upande mwingine, jambo ulifanyalo kila siku bila kupata madhara hukuzoeza vibaya. Mhudumu ambaye hajawahi kuchomwa kwa miaka 10 huanza kuona glavu nzito ni usumbufu, gambuti zina joto, na miwani inamzuia kuona. Tunathubutu kusema kwamba mwenye uzoefu mrefu ndiye anayehitaji mafunzo rejea kuliko mgeni, kwani mgeni bado anaogopa.

Pia mambo hubadilika. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa hapa Arusha. Ghafla barakoa na magauni ya kuvaa mara moja vikajaa kwenye ndoo za njano. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia mkoani Kagera, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo watumishi wa afya. Mtu aliyefundishwa mwaka 2015 hakufundishwa namna ya kuvua vazi la kujikinga bila kujipaka uchafu wa nje, na kuvua ni kugumu kuliko kuvaa.

Jirani zetu wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro wako chini ya taratibu za usafiri wa anga za kimataifa zinazotaka viwanja vya aina hiyo vifanye zoezi kamili la dharura angalau kila baada ya miaka miwili, na mazoezi madogo katikati. Hakuna anayesema askari wa zimamoto wa uwanjani walishafundishwa.

VIUATILIFU VYA MLIMANI

Kuzunguka Mlima Meru, kuanzia mashamba ya kahawa na maua ya Tengeru na Usa River hadi nyanya za Ngarenanyuki, hatari inayofahamika zaidi ni viuatilifu. Mkoa wetu una bahati ya kuwa na wataalamu wake mlangoni. Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu, TPRI, ilikuwa Ngaramtoni kwa miaka mingi, na tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 kazi zake zimechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyiza.

Lugha yetu nayo inatutega kidogo. Tunaita dawa kile kinachomponya mtoto kikohozi, na tunaita dawa kile kinachoua viwavi. Mwenye ghala wa parokia akisema chupa ya dawa imebaki nusu, sikio la kijiji halisikii hatari. Katika mafunzo tunashauri neno sumu litumike bila aibu.

Kinachotokea sumu ikiachwa bila watu waliofundishwa kinaonekana Vikuge, wilayani Kibaha. Mwaka 1986 nchi ilipokea msaada wa tani zipatazo 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda wake, vikawekwa katika banda kwenye shamba hilo. Banda likaja kuanguka. Shehena iliondolewa baadaye, lakini watafiti waliochukua sampuli baada ya usafi huo waliripoti mwaka 2004 kwamba udongo uliochafuka zaidi ulikuwa na DDT karibu asilimia 30. Yaani katika kilo moja ya udongo, kama robo kilo na zaidi ilikuwa sumu. Wafadhili wetu watasamehe tukiitaja habari hii: ule ulikuwa msaada. Msaada wa kemikali usio na fedha ya kuwafundisha watu watakaouhifadhi na kuondoa masalia ni mzigo unaohamishwa kutoka ghala moja kwenda jingine.

Kwa mtunza ghala, siku ya kukumbushwa inahusu kusoma mstari wa rangi kwenye kibandiko, ambapo nyekundu ni sumu kali zaidi na kijani ni ndogo zaidi. Kusuuza chupa tupu mara tatu na kuitoboa isije ikatumika kuwekea mafuta ya taa. Na kumtambua aliyepata sumu kwa jasho, mate yanayotiririka na mboni za macho zilizosinyaa. Dereva wa gari la wagonjwa naye asikie hapo. Anayembeba mgonjwa wa sumu huweza kuipata kupitia nguo na matapishi, kwa hiyo glavu kwanza, nguo za mgonjwa zivuliwe, mwili uoshwe, ndipo safari ianze.

WANAOTANGULIA KUFIKA

Barabara ya kutoka Moshi kupitia Usa River na Arusha hadi Namanga hupitisha magari ya mafuta usiku na mchana. Ajali ikitokea, wanaofika kwanza ni vijana wa bodaboda, wauza ndizi na waumini waliotoka jumuiya. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Mungu awarehemu.

Petroli inayomwagika hutoa mvuke mzito kuliko hewa, ambao hutambaa chini na kujaa mitaroni bila kuonekana, ukisubiri cheche ya pikipiki. Mwongozo unaotumiwa na waokoaji wa Marekani ya Kaskazini unashauri watu wakae angalau mita 50 kutoka penye mafuta yaliyomwagika. Kama kiasi ni kikubwa, kuwahamisha watu hadi mita 300 upande upepo unakoelekea. Tangi likishika moto, mita 800 pande zote. Kijana wa parokia hahitaji kuwa askari wa zimamoto. Anahitaji kujua asimame upepo unakotoka, awazuie watu, azime injini yake mbali, na apige 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akieleza mahali na rangi na namba za kibao kilichopo kwenye tangi. Kwenye magari yanayofuata kanuni za kimataifa, namba 1203 kwenye kibao cha rangi ya machungwa maana yake ni petroli.

SIKU YENYEWE

Saa 8 zikitumika kusomeana karatasi, ni afadhali fedha zibaki benki. Siku nzuri huanza kwa ajali za mwaka uliopita za kituo chenyewe, bila kutaja majina ya kulaumu: ngapi, wapi, kwa nini. Kituo kinachosema hakikupata ajali hata moja huenda kina watu wanaoogopa kutoa taarifa, na hilo nalo lizungumzwe. Kisha watu hutoka nje. Wavae na kuvua vazi la kujikinga huku mwenzao akiwatazama. Rangi ya chakula ipakwe kwenye glavu ionekane imegusa wapi. Wasafishe damu bandia iliyomwagika sakafuni. Wazime moto mdogo kwa mtungi halisi, kwa maana wengi wetu tunapita mbele ya mtungi huo kila siku hatujawahi kuuchomoa pini. Mlinzi wa usiku apige simu ya majaribio kwa mganga mfawidhi. Namba iliyobandikwa ukutani mara nyingine ni ya mtu aliyehama.

Wakufunzi wanapatikana karibu. Jeshi la Zimamoto, OSHA, TPHPA na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wote wana watu Arusha, na parokia mbili au tatu zikiungana gharama hugawanyika. Kinachobaki ni nauli, chakula cha mchana, glavu na vifaa vya mazoezi, na malipo ya siku kwa vibarua, ambao wasipolipwa hawatakuja, nao hawana kosa.

Tunafahamu ugumu wa wafadhili. Kichomea taka hubandikwa kibao chenye jina la aliyekijenga. Siku ya mafunzo haina ukuta wa kubandika kitu. Hata hivyo Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari ili mtu asianguke, na agizo hilo anapewa mwenye nyumba, hapewi mwenye kuanguka. Tungependa kila ombi la ujenzi wa kichomea taka linalopitia kwetu liwe na mafunzo ya miaka mitatu ndani yake, na lisilo nayo lirudishwe likaandikwe upya.

Kwa kamati zinazoandaa makisio sasa, mambo ya kufanyia kazi ni machache. Fungueni daftari la mafunzo lenye tarehe, mada, majina na sahihi, na vibarua waandikwe humo kama wengine. Hakikisheni mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipwa kwa kila aliyeajiriwa, akiwemo anayewasha kichomea taka. Na chanjo ya homa ya ini aina ya B ipangwe pamoja na siku ya mafunzo: dozi ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Wengi hupata ya kwanza, wachache hurudi kwa ya tatu, kwa hiyo tarehe zote tatu ziandikwe kwenye kalenda ya parokia tangu mwanzo, pamoja na jina la mtu atakayewafuatilia.